Ndege Inayosikiliza Udongo

Nakijwa alilipima kopo lile mara ya tatu, na mara ya tatu mizani ikamjibu vilevile: udongo wa shemeji yake ulikuwa mkavu. Tena si mkavu wa kubahatisha. Aliuchimba kwa mkono wake asubuhi hiyo, mwisho kabisa wa mfereji, akaufunga ndani ya kopo, akaupima, akautia kwenye tanuri ukaokwa hadi adhuhuri, akaupima tena. Kilichopungua ndiyo maji. Na kilichopungua kilikuwa kidogo hata aibu kukitaja.

Kwenye kioo cha kompyuta, pembeni mwa mizani hiyohiyo, ndege ya alfajiri ilikuwa imetoa taarifa kwamba shamba la shemeji huyo, Kajiru Senzighe, limelowa chapachapa.

Akaketi. Kama mizani inasema kweli, basi ndege imekosea. Na kama imekosea leo, ilikosea msimu uliopita na msimu wa kabla yake. Na aliyeiamini mara zote hizo, akapiga muhuri kwamba Kajiru ni mwizi wa maji, alikuwa yeye mwenyewe, Nakijwa Mbwambo, mpimaji mkuu wa Mamlaka ya Maji ya Bonde.

Mambo yenyewe yalianza hivi. Mito ya milima ya Upare ilipoanza kukauka kila kiangazi, watu wa tambarare waliumizana kwa majembe kwa ajili ya zamu za maji. Wasimamizi wa mifereji walihongwa mbuzi. Mwenye mbuzi akavuna, asiye naye akafunga virago. Baba yake Nakijwa alikuwa wa hao wasio na mbuzi. Ndipo ikaja ndege. Haina rubani, haina haraka, huruka chinichini juu ya mashamba kila kunapopambazuka, na kazi yake ni kusikiliza. Udongo, kama kitu chochote chenye joto, hutoa mawimbi membamba ya mikrowevu, mnong'ono ambao sikio la binadamu haliupati. Udongo mkavu hunong'ona kwa nguvu. Ukilowa, sauti hufifia. Antena tumboni mwa ndege huupokea mnong'ono huo kupitia majani na ukungu, kisha mlinganyo mmoja mrefu huugeuza kuwa kiasi cha maji kilichomo kwenye udongo wa juu, kina cha kidole hivi. Shamba likisomeka kavu, lango lake la chuma hufunguka lenyewe. Likisomeka limelowa, lango hubaki limefungwa. Na likisomeka limelowa wakati zamu si yake, basi mwenyewe ameiba.

Mlinganyo huo aliuandika Nakijwa. Na kwa sababu alikuwa hajasahau mbuzi wa zamani, aliweka sharti moja ambalo wakubwa walilipigia makofi: mlinganyo ni mmoja kwa mashamba yote. Hakuna mtu, hata yeye, awezaye kurekebisha kipimo cha shamba moja peke yake. Ukiutilia shaka, unauondolea muhuri wote, malango yote yanajifunga, na hayafunguki mpaka mlinganyo mpya upimwe upya, shamba kwa shamba, kila mwenye shamba akiridhia uchimbe kwake. Si kazi ya chini ya wiki tatu. Alipolipendekeza sharti hilo alijiona ameikomesha rushwa, na kweli aliikomesha.

Alichukua kopo akalichungulia. Kwenye ukingo wa ndani, udongo ulipokaukia, palikuwa na utando mweupe. Akaugusa kwa kidole, akautia ulimini.

Magadi.

Alitaka kucheka, akashindwa. Mtoto wa tambarare gani asiyeijua ladha ile? Ng'ombe wa kule hulambishwa magadi tangu enzi na enzi. Yeye mwenyewe alipokuwa msichana aliyabeba kichwani kwa mafungu. Na samadi ya ng'ombe wanaofugwa zizini, wanaolamba magadi mwaka mzima, huenda wapi? Shambani. Kajiru ndiye aliyekuwa na zizi kubwa kuliko wote mwisho wa mfereji, na ndiye aliyekuwa na bidii ya kichaa. Lango lake lilipofungwa mara ya kwanza alisema ardhi isife, akazidisha samadi. Maji ya kuyashusha magadi chini hayapo, basi yakabaki juu juu, yakinyonya umande wa alfajiri, saa ileile ndege inapopita. Na maji ya chumvi, hata yakiwa machache, huufifisha mnong'ono wa udongo kama vile maji matamu mengi. Ndege ikasikia shamba limenyamaza, ikasema limelowa. Lango likafungwa tena. Kajiru akaongeza samadi tena. Yaani kila alivyohangaika kuiokoa ardhi yake ndivyo alivyozidi kuonekana mwizi.

Nakijwa aliusawazisha mlinganyo wake kwenye mashamba ya majaribio, pale nyuma ya ofisi, yanayolimwa kwa mbolea ya dukani. Zizi hakulikumbuka kabisa. Mgeni angesamehewa. Yeye je?

*

Sheria ilisema lango likifungwa kwa wizi mara ya tatu, shamba linakwenda kwa mtu mwingine na jina la mwizi linasomwa mbele ya watu. Mara ya tatu ilikuwa kesho asubuhi, na ilikuwa inangoja muhuri wake tu.

Akaenda kwa mkurugenzi. Ombeni Mrutu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomsumbua Nakijwa baadaye. Mtu mbaya angekuwa rahisi kumkatalia. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaomba alione kopo, akauliza ni mashamba mangapi yenye tatizo hilo. Nakijwa akasema kwa anavyojua ni moja. Uso wa Ombeni ukalegea pale pale.

Alimweleza taratibu, kama mtu anayemwandalia mgonjwa dawa. Mahindi ya bonde zima yalikuwa ndiyo kwanza yametoa mbelewele, maua yale ya kileleni. Wiki tatu bila maji kwenye hatua hiyo, magunzi yatatoka matupu, na wenye magunzi matupu ni familia zisizo na hesabu. Kwa hiyo tupige muhuri kesho, alisema, Kajiru apewe kijishamba kingine kimyakimya huko juu, halafu baada ya mavuno mlinganyo utasahihishwa pasipo mtu kuumia. Nakijwa akauliza kuhusu jina. Jina litasomwa kesho kuwa la mwizi, litasafishwa lini? Ombeni akasema litatafutiwa njia. Hakusema njia gani.

Kisha akamwambia lile ambalo Nakijwa alikuwa analiogopa tangu adhuhuri.

"Na wewe ujiangalie, mama. Bonde zima likikauka kwa ajili ya mtu mmoja, wataanza kuuliza huyo mtu ni nani kwako. Ni shemeji yako. Utawaambia nini kuhusu chumvi?"

Hapo alimpata. Mara mbili zile Nakijwa alipiga muhuri haraka, bila kwenda shambani, na alijua fika kwa nini: aliogopa kusemwa kwamba anambeba ndugu. Watu wakamsifu. Yule mama hana shemeji wala mjomba, walisema, anafuata kipimo. Alizipenda zile sifa, hata akatembea nazo kifua mbele. Sasa zilikuwa zimemziba pande zote. Akisema Kajiru hana hatia, ataonekana amenunuliwa na udugu, akinyamaza, amemuuza.

Akaaga, akatoka na kopo mkononi.

*

Alimkuta Kajiru zizini jioni ile, anazoa samadi. Walisalimiana kwa heshima zote, maana hawakuwahi kugombana hata siku moja, na afadhali wangegombana. Mke wa Kajiru alikuwa Nanzia, mdogo wake Nakijwa. Nanzia alifariki msimu uliopita, wakati lango limefungwa.

Inabidi jambo hili lielezwe. Kule tambarare mwizi wa maji hapigwi wala hatukanwi. Hasalimiwi tu. Na akipiga mbiu ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu na jembe, haendi mtu. Nanzia alipofariki Kajiru alipiga mbiu ya kaburi. Wakaja wawili tu, nduguye mmoja kutoka mlimani na Nakijwa. Mwanamke na shahada zake akashika sururu kumchimbia mdogo wake kaburi, huku majirani wamesimama kwenye mipaka ya mashamba yao wakitazama. Na kati ya viapo vyote vya Kajiru pale kaburini, hakuna alichokirudia kama hiki: kwamba hakuiba. Nakijwa siku ile hakumjibu. Alidhani kwa kunyamaza anamsitiri.

Sasa akamwambia. Akamweleza habari za mnong'ono, na magadi, na umande, kwa maneno mepesi kadiri alivyoweza. Kajiru alisikiliza ameegemea koleo. Alipoelewa kwamba samadi yake ndiyo iliyomchongea, alilitazama koleo lile muda mrefu, kisha akaliweka chini polepole.

"Kwa hiyo unajua sikuiba," akasema.

"Najua, shemeji."

"Na kesho utasema?"

Nakijwa akamweleza gharama ya kusema hivyo. Alimwambia kuhusu sharti la mlinganyo mmoja, na malango yote, na mbelewele. Akamweleza pia alichopendekeza mkurugenzi, hakumficha kitu, na moyoni, Mungu amsamehe, alikuwa anaomba mtu huyu aseme basi, acha, nitachukua hicho kijishamba cha juu. Angesema hivyo Nakijwa angemshukuru maisha yake yote na wala asingejiheshimu tena.

Kajiru hakusema hivyo. Ng'ombe mmoja alikuja kumsukuma begani akitaka chakula, naye akamtupia majani.

"Mimi sikuombi uwanyime watu maji," akasema. "Wana watoto kama mimi. Nakuomba useme tu kwamba sikuiba. Hao waliosimama mipakani siku ile ya Nanzia, nataka wasikie."

"Ni kitu kimoja, shemeji. Siwezi kusema hili bila lile kutokea."

"Hiyo ni mashine yako," Kajiru akajibu, bila ukali. "Mimi naomba kwako."

Akaokota koleo akaendelea na kazi. Nakijwa akaaga, akaondoka. Alijitahidi kutafuta mwanya: labda achimbe shamba moja tu, udongo wake ausajili kuwa wa mashamba yote, ili wiki tatu zipungue? Haiwezekani, kila kopo husajiliwa na mahali lilipochimbwa, na aliyeweka kinga hiyo ni yeye. Labda ndege isiruke kesho? Isiporuka malango yanajifunga, na hilo pia aliliweka yeye. Alizunguka hivyo kichwani njia nzima ya kurudi nyumbani, na kila alipofika alikuta amekwisha kupaziba kwa mikono yake.

*

Asubuhi ilikuwa ya msaragambo wa kuzibua mfereji mkuu, na huo ndio mkusanyiko uliochaguliwa kwa kusomea jina. Watu walikuwa wengi, majembe mabegani, wengine wamekwisha kuingia matopeni. Kazi ya pamoja kule ina raha yake; watu hutaniana kuhusu nani mvivu na nani amekuja na jembe la mkewe. Kajiru alikuja pia. Alisimama pembeni, peke yake, na jembe lake, kama alivyofanya kila msaragambo tangu lango lifungwe mara ya kwanza. Hakuna aliyempa nafasi kwenye mstari.

Ombeni alimpa Nakijwa kipaza sauti na kompyuta ya mkononi yenye muhuri. Alimgusa mkono tu.

Nakijwa alikuwa ameandaa maneno. Yakampotea. Akajikuta anaongea kama anavyoongea na wadogo zake, akawaambia kwamba shamba la Kajiru ni kavu, kwamba amelichimba mwenyewe, na ndege imedanganywa na magadi ya samadi, na aliyeifundisha ndege vibaya ni yeye Nakijwa. Kajiru hakuiba jana wala juzi. Hakuiba siku waliyomwacha achimbe kaburi bila wao.

Akaiinua kompyuta waione. Akawaambia lililobaki, kwamba muhuri unaondolewa na malango yatafungwa yote, na kwamba atakwenda kwa kila mmoja wao kuchimba udongo ili yafunguliwe mapema iwezekanavyo.

Kabla watu hawajaelewa akabonyeza.

Mlio wa kwanza ulitoka juu, kwenye lango la mfereji mkuu, chuma juu ya chuma. Kisha likafuata lililo chini yake, na jingine, na jingine, ukashuka bondeni mpaka hausikiki tena. Maji yaliyowafika watu magotini yakaanza kupungua. Wakaangalia miguu yao. Mzee mmoja, Elisifa Msuya, ambaye shamba lake lilipakana na la Kajiru, alitoka matopeni wa kwanza. Nakijwa alidhani anakuja kumpiga, na angekubali.

Mzee Elisifa alimpita. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Kajiru, akavua kofia, akampa mkono.

"Tumekukosea, baba," akasema. "Pole kwa msiba."

Wakafuata wengine. Walijipanga wale watu, na matope yao, mmoja mmoja wakampa Kajiru mkono na pole ya msiba uliopita msimu mzima. Kajiru alikuwa analia waziwazi, anapokea mikono, anasema ahsante, ahsante, na kila mkono aliopokea ulikuwa wa mtu ambaye mahindi yake yalikuwa yameanza kufa pale pale. Nakijwa aliwatazama akajisikia mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu ashike lile kopo. Alifikiri: basi, imekwisha. Watu hawa ni wema kuliko nilivyowadhania.

Mstari ulipokwisha, watu walichukua majembe yao wakaondoka. Walipita mbele yake wote. Mama aliyekuwa akimtania kila wiki sokoni alipita. Mzee Elisifa alipita. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemtazama vibaya, na hakuna aliyemsalimu.

Nakijwa alielewa kabla nusu yao hawajapita. Walichukuliwa maji, na aliyeyachukua anajulikana.

*

Siku ileile alianza kazi. Alibeba makopo na nyundo na bomba la kuchimbia, peke yake, maana vijana wa ofisi walikuwa wamepata udhuru. Akaanzia mwisho wa mfereji. Kajiru alimpa ruhusa bila neno na akamshikia bomba. Walipomaliza, akamsindikiza mpaka mpakani, na pale akasimama akatazama kushoto na kulia, mashambani, kama kuna watu.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "nitakuombea kwa Mungu mpaka nakufa. Lakini tukikutana mbele za watu, usinisalimie. Ndiyo kwanza nimerudi kwao. Na nina watoto."

Nakijwa alihamishia bomba bega la pili. Alitaka kumuuliza kama anakumbuka nani alishika sururu siku ile. Hakuuliza. Alimtazama usoni akaona mtu anayeona haya, na anayemaanisha alichosema.

"Sawa, shemeji," akasema. "Nimekuelewa."

Kajiru akarudi kwake haraka. Nakijwa akavuka mpaka, akaenda hadi shamba la Mzee Elisifa, akasimama nje kama sharti lilivyosema, kwa sababu bila ruhusa ya mwenye shamba hakuna udongo, na bila udongo hakuna mlinganyo, na bila mlinganyo hakuna lango litakalofunguka, la Elisifa wala la mtu yeyote. Mbelewele za mahindi zilikuwa zimeanza kujikunja kwa jua.

Akapiga hodi.

Mzee alikuwa palepale, karibu kabisa, anapalilia. Hakuinua kichwa.

Nakijwa akaweka makopo chini. Akapiga hodi tena.